Ho Chi Minh: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikuwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji, na Jumapili moja Paroko alinituma nikazungumze na vijana baada ya Misa ya pili. Mada ilikuwa wito. Nilijiandaa vizuri, nikawa na karatasi yenye hoja tano. Nilipofika hoja ya pili, kijana mmoja fundi pikipiki akanyoosha mkono. Alivaa fulana ya mtumba yenye picha ya mzee mwembamba mwenye ndevu chache ndefu.

"Frateri," akasema, "hii fulana nilinunua mnadani kwa sababu rangi ilinipendeza. Mwalimu wangu wa zamani wa historia akaniambia huyu ni Ho Chi Minh, mkombozi wa Vietnam. Leo katekista kaniambia nisiingie nayo tena kanisani. Nani mkweli?"

Nikajibu haraka, kama mtu mwenye haraka ya kurudi kwenye karatasi yake: "Alikuwa mkomunisti. Kuhusu ukomunisti Kanisa lilishasema." Kijana akatulia kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Na wale waliomtawala, Frateri, si walikuwa Wakatoliki?" Wenzake wakacheka. Mimi nikarudi kwenye wito.

Tangu siku hiyo jibu langu linanisuta. Nasoma falsafa, nafundishwa kila wiki kupambanua, na siku nilipoulizwa swali la kweli na mtu wa kweli nilimtupia neno moja kama mtu anayefukuza kuku. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa. Naomba pia liwe jibu kwa wenzangu seminarini, maana najua wengi wetu tungejibu vilevile.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwanza, dai la uhuru wa Vietnam lilikuwa dai la haki, na Ho Chi Minh anastahili sifa kubwa kwa kulibeba. Pili, baadhi ya njia zilizotumiwa na chama chake, yeye akiwa kiongozi, zilikuwa dhambi kubwa, na uhuru haukuzifanya kuwa safi. Tatu, sisi Wakatoliki hatutaaminika tukisema hilo la pili kabla ya kukiri la kwanza. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kijana aliyeondoka na meli

Alizaliwa mwaka 1890 katika mkoa wa Nghe An, akaitwa Nguyen Sinh Cung. Baba yake alikuwa msomi wa mafundisho ya Konfusio aliyepata kuwa ofisa wa mfalme, kisha akaondolewa kazini. Nchi wakati huo ilikuwa na mfalme wa jina tu. Wafaransa walikuwa wameiteka kwa awamu: walishambulia Da Nang mwaka 1858, wakaichukua Saigon mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1887 Vietnam na Kambodia zilikuwa ndani ya muungano mmoja wa kikoloni ulioitwa Indochina, ambao baadaye uliimeza Laos pia. Serikali hiyo ilihodhi biashara ya chumvi, pombe na afyuni, ikawatoza wakulima kodi nzito na kuwafanyisha kazi kwa shuruti.

Mwaka 1911 kijana huyo alipanda meli ya Kifaransa mjini Saigon kama msaidizi wa jikoni. Hakuiona tena nchi yake kwa miaka thelathini. Alifanya vibarua London, akaishi Paris, akajifunza lugha, akasoma magazeti, akaandika. Tusimfikirie mtu aliyezaliwa na kitabu cha Marx mkononi. Alianza kama wengi wetu tunavyoanza, akiwa na swali moja tu: kwa nini watu wangu wanaonewa, na nani atasikia?

Mwaka 1919 mataifa makubwa yalipokutana Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yeye na wenzake walipeleka hati ya madai manane iliyotiwa saini kwa jina la Nguyen Ai Quoc, yaani Nguyen mzalendo. Hati ile haikudai hata uhuru kamili. Iliomba usawa mbele ya sheria, uhuru wa magazeti, uhuru wa kukutana, shule kwa wenyeji, na wafungwa wa kisiasa waachiwe. Mambo ambayo mwanafunzi yeyote wa mafundisho jamii ya Kanisa angeyatia saini leo bila kusita. Wakubwa wa dunia hawakumjibu.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo, Papa Benedikto XV alitoa barua yake kuhusu umisionari, Maximum Illud. Ndani yake aliwaonya wamisionari wasitumikie maslahi ya mataifa yao badala ya Ufalme wa Mungu, na akasisitiza kuandaliwa kwa mapadre wazawa wanaoweza kuongoza watu wao. Sauti mbili mwaka mmoja: moja ya kijana wa Kivietnam anayeomba haki mlangoni pa wakubwa, nyingine ya Papa anayewaambia watoto wake wasijifungamanishe na wakubwa hao. Sauti hizi mbili hazikukutana.

Aliyekutana naye alikuwa Lenin. Mwaka 1920 kijana yule alisoma hoja za Lenin kuhusu mataifa na makoloni, na Desemba mwaka huo, katika mkutano wa wasoshalisti wa Ufaransa mjini Tours, alikuwa miongoni mwa waliokianzisha Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Mfa maji haachi kutapatapa, hushika kilicho karibu. Sisemi kwamba alikosea njia kwa bahati mbaya, wala kwamba hakuamini alichokiamini. Aliamini, na alifanya kazi ya harakati ya kikomunisti Moscow, Canton na Hong Kong, ambako mwaka 1930 alisimamia kuundwa kwa chama cha kikomunisti cha Vietnam. Ninachosema ni kwamba mlango aliougonga kwanza haukuwa huo.

Alichokifanya yeye hasa

Mwanzoni mwa mwaka 1941 alivuka mpaka kutoka China, akaingia Pac Bo katika mkoa wa Cao Bang, akakaa pangoni. Miezi michache baadaye ukaanzishwa umoja uliojulikana kwa kifupi kama Viet Minh. Ndipo baadaye akajulikana kwa jina la Ho Chi Minh, lenye maana ya yule anayeangaza.

Kama nikiulizwa mchango wake hasa ulikuwa nini, nitataja mambo matatu.

La kwanza ni kuunganisha. Kulikuwa na wazalendo wengi kabla yake, na wengine walikufa kishujaa. Lakini walikuwa wametawanyika: wasomi huku, wakulima kule, watu wa kifalme pale. Viet Minh iliweka mbele uhuru wa taifa na kuacha nyuma kidogo lugha ya vita vya matabaka, ili mkulima, mwalimu na mfanyabiashara waweze kusimama pamoja.

La pili ni kujua saa. Mwishoni mwa mwaka 1944 na mwaka 1945 njaa kali iliikumba kaskazini ya Vietnam. Wajapani walikuwa wameikalia nchi, mchele ulichukuliwa kwa nguvu, na watu walikufa kwa mamia ya maelfu. Wapo wanaokadiria kufikia milioni mbili. Viet Minh waliwaongoza watu kufungua maghala ya mchele. Ndugu msomaji, mtu aliyefungua ghala watoto wako wanapokufa njaa hahitaji kukupa semina ya itikadi. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, umoja huo ulikuwa tayari. Mfalme Bao Dai akajiuzulu, na tarehe 2 Septemba 1945 Ho Chi Minh akasoma tamko la uhuru katika uwanja wa Ba Dinh, Hanoi. Alilianza kwa maneno ya tamko la uhuru wa Marekani la mwaka 1776, yale yanayosema kuhusu usawa wa watu wote na haki walizopewa na Muumba. Mkomunisti alianza taifa lake kwa hoja ya sheria ya maumbile! Walimu wetu wa maadili wangefurahi kumhoji hapo.

La tatu ni elimu. Siku chache tu baada ya tamko hilo, serikali yake ilianza kampeni ya kufuta ujinga, maana wananchi wengi hawakujua kusoma. Waliwafundisha kwa herufi gani? Kwa zile herufi za Kilatini ambazo wamisionari Wajesuiti walizitengeneza katika karne ya 17 ili kuandika Kivietnam, na ambazo Padre Alexandre de Rhodes alizipa kamusi iliyochapwa Roma mwaka 1651. Kazi iliyoanzwa ili watu wasome Katekisimu ikawa njia ya taifa zima kusoma. Sidhani kama Padre yule angesikitika.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo katekista wetu, kwa nia yake njema, huenda hakuambiwa. Wakatoliki wengi wa Vietnam waliupokea uhuru ule kwa furaha. Septemba 1945 maaskofu wazawa walimwandikia Papa Pio XII wakiomba auunge mkono uhuru wa nchi yao. Katika serikali ya kwanza ya Ho Chi Minh, waziri wa uchumi, Nguyen Manh Ha, alikuwa Mkatoliki. Mwanzoni mwa 1946 Ho alikwenda Phat Diem, jimbo lenye waamini wengi, akamfanya Askofu Le Huu Tu kuwa mshauri wake mkuu. Unaweza kusema ilikuwa mbinu ya kisiasa, na huenda ilikuwa hivyo. Lakini maaskofu wale hawakuwa watoto. Waliona dai la haki, wakaliita dai la haki, ingawa aliyelishika mkononi alikuwa mtu wasiyekubaliana naye kuhusu Mungu.

Je, vita ile ilikuwa ya haki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Muhtasari wa Teolojia, anataka mambo matatu ili vita iwe ya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Anasema pia kuupinga utawala wa kidhalimu si kosa la uasi, isipokuwa pale ambapo vurugu yake inawaumiza watu kuliko dhuluma yenyewe.

Tupime. Mamlaka: mfalme alijiuzulu na kukabidhi muhuri na upanga wake kwa serikali mpya, na Januari 1946 ulifanyika uchaguzi wa Bunge. Uchaguzi ule haukuwa na ushindani kamili, lakini serikali ilikuwa na uungaji mkono mkubwa kuliko gavana yeyote aliyetumwa kutoka Paris. Sababu: kurejeshewa nchi iliyochukuliwa kwa mizinga. Je, njia ya amani ilijaribiwa? Ndiyo. Machi 1946 Ho alitia saini mapatano na Ufaransa, akakubali nchi yake iwe huru ndani ya umoja wa Kifaransa, na hata akaruhusu majeshi ya Kifaransa yarudi kwa muda. Wenzake wengine walimwona amelegea. Akaenda mwenyewe Ufaransa, mazungumzo ya Fontainebleau yakavunjika, naye hakurudi nyumbani mpaka alipopata walau mapatano ya muda mwezi Septemba. Novemba mwaka huo manowari za Kifaransa zikaupiga mji wa Haiphong kwa makombora, wakafa maelfu. Desemba vita ikaanza.

Vita hiyo ilidumu karibu miaka minane. Iliishia Dien Bien Phu, bonde ambalo Jenerali Vo Nguyen Giap alilizingira kwa siku hamsini na sita hadi tarehe 7 Mei 1954. Ndani ya ngome ile walikuwemo pia askari Waafrika, wa Algeria, Moroko na Afrika Magharibi, waliotumwa kulinda ukoloni wa wengine wakati wao wenyewe walikuwa chini ya ukoloni uleule. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilianzishwa Dar es Salaam. Sisemi kwamba moja lilizaa lingine. Nasema wazee wetu waliishi dunia ambayo habari ya Dien Bien Phu ilikuwa imeshasikika, na kila mtawaliwa aliyeisikia alijua kwamba mkoloni anaweza kushindwa.

Kwa hiyo, kwa sababu na kwa mamlaka, naona dai la Vietnam linasimama mbele ya Mtakatifu Thoma. Papa Yohane XXIII naye, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba hakuna watu wanaopenda kutawaliwa na wengine. Alifundisha pia tutofautishe kati ya falsafa potofu na harakati za kihistoria zilizotokana nayo, kwa kuwa katika harakati hizo panaweza kuwepo mambo mema yanayolingana na akili. Fundisho hilo lingenisaidia sana Jumapili ile kama ningelikumbuka.

Doa lisilofutika kwa bendera

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimemdanganya kijana wangu kwa namna ya pili.

Katika majuma yaleyale ya shangwe ya mwaka 1945, watu wa Viet Minh waliwaua wapinzani na watu waliodhaniwa kuwa wapinzani. Msomi Pham Quynh aliuawa. Ngo Dinh Khoi, Mkatoliki aliyekuwa ofisa mkubwa, aliuawa pamoja na mwanawe. Ta Thu Thau, mwanamapinduzi wa mrengo mwingine wa Umarx, naye aliuawa. Ho alipokutana na Ngo Dinh Diem, mdogo wake Khoi, na kumwomba ajiunge na serikali yake, Diem alikataa. Ni nani kati yetu angekubali, damu ya kaka yake ikiwa bado mbichi?

Kisha yakaja mageuzi ya ardhi kati ya mwaka 1953 na 1956. Kusudi lake lilikuwa jema: kumpa ardhi mkulima asiye nayo. Lakini yaliendeshwa kwa mahakama za hadhara, kwa watu kushtakiana, kwa hukumu iliyoamuliwa kabla ya kesi. Maelfu waliuawa. Mmoja wa wa kwanza alikuwa mama Nguyen Thi Nam wa Thai Nguyen, mwenye mashamba na biashara. Mama huyu aliwahi kuwahifadhi viongozi wa mapinduzi nyumbani kwake, akawachangia mali, na wanawe walikuwa ndani ya jeshi la mapinduzi. Aliuawa kwa sababu ya kundi alilowekwa ndani yake. Hakuna aliyemwuliza alitenda nini.

Mwaka 1956 Ho Chi Minh na chama walikiri hadharani kwamba makosa yametendeka, na katibu wa chama akaondolewa nafasi yake. Tumpe haki yake: si viongozi wengi wanaokiri. Lakini mwezi Novemba mwaka huohuo, wakulima wa Quynh Luu, wengi wao Wakatoliki, walipoinuka kulalamika, jeshi lilitumwa kuwazima. Quynh Luu iko Nghe An, mkoa aliozaliwa yeye. Kabla ya hapo, baada ya mkutano wa Geneva kuigawa nchi mwaka 1954, watu karibu milioni moja walikuwa wameshahama kaskazini kwenda kusini, na sehemu kubwa yao walikuwa waamini wenzetu walioacha makanisa, makaburi na mashamba.

Wapo wanaosema: "Ndiyo mapinduzi, huwezi kuyafanya kwa maji ya uvuguvugu." Nimeisikia hoja hii hata darasani. Mtakatifu Thoma anaijibu hivi: tendo ni jema pale tu ambapo kitu kinachotendwa, kusudi lake na mazingira yake vyote ni vyema. Kasoro moja yatosha kuliharibu. Uhuru wa taifa ni kusudi jema, lakini kumwua mama Nam si sehemu ya uhuru. Vietnam isingebaki koloni kama yeye angeishi. Wala haitoshi kusema kwamba Ho mwenyewe hakutoa kila amri. Baba wa familia hajibu tu kwa alichokifanya kwa mkono wake, hujibu pia kwa alichokiacha kitendeke ndani ya nyumba yake.

Naona mzizi wa doa hili uko kwenye falsafa yenyewe, na ndiyo maana Papa Pio XI aliupinga ukomunisti kwa maneno makali mwaka 1937. Falsafa inayomwona mtu kwanza kama tabaka, na baadaye, muda ukiruhusu, kama mtu, itafika kwa mama Nam tu. Ho aliingia katika falsafa hiyo akitafuta utetezi wa wanyonge. Falsafa hiyo ikamfanya ashindwe kumwona mnyonge aliyekuwa upande usiotakiwa.

Na sisi je?

Sasa nirudi kwenye swali la kijana: si walikuwa Wakatoliki waliomtawala? Jibu la kweli lina pande mbili.

Upande mmoja, hapana. Serikali ya Ufaransa iliyotawala Indochina wakati wa ujana wa Ho ndiyo iliyotenganisha dola na Kanisa mwaka 1905. Haikuwa ikitumwa na Papa. Na wale wafiadini 117 wa Vietnam, waliotangazwa watakatifu na Papa Yohane Paulo II mwaka 1988 na tunaowakumbuka kila tarehe 24 Novemba pamoja na Mtakatifu Andrea Dung-Lac, walimfia Kristo, hawakuifia Ufaransa. Kati yao 96 walikuwa Wavietnam.

Upande wa pili, ndiyo, tunalo la kukiri. Mateso ya Wakristo ndiyo yaliyotumiwa kama kisingizio cha kushambulia Da Nang mwaka 1858, na wapo wamisionari waliolitaka jeshi lije. Kwa vizazi viwili Mkatoliki wa Vietnam alitazamwa na jirani yake kama mtu wa mgeni. Na Diem, Mkatoliki mwenzetu, alipokuwa Rais wa Vietnam Kusini, utawala wake uliwabana Wabudha kiasi kwamba Juni 1963 mtawa Thich Quang Duc alijichoma moto katika njia panda ya Saigon mbele ya watu. Kusali Rozari hakumzuii mtawala kuwa dhalimu.

Kwa hiyo kijana wangu alikuwa na hoja, nami nilikosa unyenyekevu wa kuipokea.

Ho Chi Minh alifariki tarehe 2 Septemba 1969, siku ileile ya kumbukumbu ya tamko lake, kabla ya vita ya pili na Marekani kuisha. Aliacha wosia akitaka mwili wake uchomwe. Badala yake wakauhifadhi katika jengo kubwa Hanoi, watu wapange foleni kuutazama. Hata mkombozi hana neno la mwisho juu ya mwili wake mwenyewe mbele ya chama.

Miaka sita baadaye, Aprili 1975, Saigon iliangukia mikononi mwa warithi wake. Tarehe 15 Agosti, Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, walimkamata Askofu Mkuu Fransisko Ksaveri Nguyen Van Thuan. Mama yake alikuwa dada yake Ngo Dinh Khoi na Ngo Dinh Diem. Hakuwahi kuhukumiwa na mahakama. Alikaa kifungoni miaka kumi na mitatu, tisa kati yake akiwa peke yake. Waliomfahamu wanajua habari ya Misa zake: matone matatu ya divai na tone moja la maji kiganjani, kiganja kikiwa altare. Walinzi wake walibadilishwa mara kwa mara kwa sababu aliwageuza kuwa marafiki, na baadhi aliwafundisha lugha. Alitoka mwaka 1988, akafa Kardinali mwaka 2002, na mwaka 2017 Kanisa lilitambua fadhila zake za kishujaa.

Nimewaza sana juu ya watu hawa wawili, wana wa nchi moja, waliofungwa wote. Maana Ho naye alifungwa nchini China zaidi ya mwaka mmoja, akipelekwa gereza hadi gereza. Mmoja aliikomboa nchi, na katika kuikomboa wengi wa ndugu zake walipotea. Mwingine hakukomboa hata hatua moja ya ardhi, lakini mlinzi aliyeingia chumbani kwake akiwa adui alitoka akiwa ndugu. Vietnam ilimhitaji mtu wa aina ya kwanza, sitaki kulikana hilo. Watu wanaokufa njaa wanahitaji atakayefungua ghala. Lakini ghala likishafunguliwa, anahitajika mtu wa aina ya pili ili wasiuane ndani yake.

Mafrateri wenzangu, somo langu ni hili. Siku moja tutakuwa mapadre, na mlangoni petu atagonga kijana mwenye hasira ya haki: amenyang'anywa shamba, ameonewa kituoni, amenyimwa kazi. Tukimwambia "Kanisa lilishasema" na kufunga mlango, ataenda kwa atakayemfungulia, na huyo hatampa tu haki yake, atampa pia chuki. Mafundisho jamii tunayosomea mtihani yapo kwa ajili ya mlango huo.

Nikirudi parokiani Pasaka nitamtafuta yule fundi gereji kwake. Nitamwambia mwalimu wako alisema kweli, na katekista naye hakusema uongo, ila kila mmoja alikuwekea nusu. Nitamwomba asiivae fulana ile Misani, kwa heshima ya wale waliolia kwa sababu ya mzee huyo. Nitamwambia pia kwamba siku zingine akiivaa sitamlaumu. Na kabla ya yote nitamwomba radhi, kwa sababu aliuliza swali la mtu mzima nikamjibu kama mtoto.

Mtakatifu Andrea Dung-Lac na wenzako wafiadini, mtuombee.

Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa.